Ghuba Ina Wenyewe

Hotuba kwa wavuvi, vikundi vya kina mama na viongozi wa vijiji, Pwani ya Kusini, Kenya

Mwenyekiti wa baraza, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wa BMU, vikundi vya usimamizi wa ufuo, vijana mlioacha shughuli zenu mkaja, na wageni wetu kutoka kaunti na Huduma ya Misitu: assalamu alaikum. Na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima iyo hiyo.

Nimeombwa nizungumzie mikoko na riziki. Nina jambo moja la kusema, na nitalizungukia mpaka lieleweke. Ghuba hupona pale wenyeji wanapokuwa na kauli juu ya mambo matatu: wapi pa kupanda, wapi pa kukata, na pesa zinakwenda wapi. Tukipewa miche bila kauli, tumepewa kibarua. Kibarua si kibaya, kinalisha mtu siku hiyo. Lakini hakuna anayeamka usiku kwenda kuulinda mti wa kibarua.

Nianze na Gazi, kwa kuwa ni jirani na yeyote hapa anaweza kupanda matatu akaenda kujionea. Ghuba ya Gazi imekingwa na rasi ya Chale na miamba ya matumbawe, na mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, huiletea maji matamu. Miaka ya 1970 mikoko ya pale ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani, za kuchomea chokaa na matofali. Sehemu nyingine zilijiotea. Nyingine hazikuota kabisa. Watu husema msitu ukiachwa hurudi wenyewe, na mara nyingi ni kweli, tushukuru. Ila pale mti mama ulipoondolewa wote, mawimbi yakaosha tope yakaacha mchanga mtupu, mbegu ikiletwa na maji huchukuliwa na maji hayo hayo kabla haijashika. Ikapita karibu miaka ishirini na sehemu hizo bado uwanda mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dkt. James Kairo, wakaanza kazi ya kupanda pamoja na wanakijiji.

Naomba mshike hapo kwenye miaka. Kutoka upandaji ule wa mwanzo mpaka Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kulinda mikoko, ilipoanza kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayozuiwa na msitu, mwaka 2013, ni zaidi ya miaka ishirini. Anayekuja kuwaambia kwamba ghuba itarejea kwa mradi wa miaka mitatu, msikilizeni kwa adabu, mkaribisheni chai, kisha mwulizeni mwaka wa nne atakuwa wapi.

Sasa nije kwenye kupanda, maana hapa ndipo jasho letu linapomwagika bure.

Wazee wa hapa hawahitaji kufundishwa kwamba kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, unapigwa na maji kila siku. Nyuma yake mkoko wenyewe, na mizizi yake iliyopinda. Halafu muia, halafu mkandaa, na huko nyuma karibu na wangwa, ule uwanda wa chumvi, ni mchu, ingawa mchu ni mvumilivu na utaukuta mbele pia. Kenya ina aina tisa kwa jumla, na kila aina imechagua zamu yake ya maji: mara ngapi kwa mwezi bahari inaifikia, na inakaa muda gani kabla ya kupwa. Ukiukosea mti zamu yake, umeua mti.

Nimeshuhudia siku za upandaji ambazo watu walifika na fulana mpya, mabango na wapiga picha. Miche ya mkoko ikachomekwa kwa maelfu, asubuhi moja tu, kwenye tope la chini kabisa linalokauka saa chache wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa nini pale? Kwa sababu palikuwa peupe, hapana mwenye shamba, hapana wa kuulizwa. Mkoko haujawahi kuota pale tangu babu zetu. Na hapakuwa patupu vile wageni walivyodhani: ni malisho, majani ya bahari ambayo samaki aina ya tafi huyala. Miezi michache baadaye vijiti vilikuwa vimeng'oka vyote, na malisho yamekanyagwa. Idadi ya miche iliyopandwa iliandikwa kwenye ripoti. Idadi ya iliyoishi haikuandikwa. Inaniuma, kwa sababu vijana waliochomeka miche ile walikuwa wa kwetu, na mmoja wa wazee aliwaambia pale si mahali pake, akaonekana anapinga maendeleo.

Kwa hiyo tuulize maji kwanza. Ziko sehemu za wangwa wetu ambazo kwa sasa hazihitaji mche hata mmoja. Zinahitaji mfereji. Maji ya bamvua huingia, yakakuta tuta au barabara imeziba mkondo wa kutokea, yakakaa, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Bamvua jingine, chumvi nyingine. Ukitembea pale unaona weupe juu ya udongo, na hata mchu, unaostahimili chumvi kuliko yote, umedumaa kimo cha magoti. Mahali kama hapo ukipanda unapoteza nguvu. Chukua beleshi na jembe, ufukue mkondo wa zamani, maji yaingie na yatoke. Kama kuna miti mama karibu, mbegu zitakuja zenyewe na kuchagua mahali. Kazi hii haipendezi kwenye picha: ni watu wamesimama kwenye tope hadi mapajani wakichimba. Lakini ni nusu ya kazi yenyewe, na katika kuijua mikondo ya zamani mzee mmoja aliyetega malema, mitego ya samaki, pale ujanani ana thamani kuliko ramani.

Pale panapohitaji kupandwa kweli, tupande vizuri. Mbegu ya mkoko mnaijua, huota ikiwa bado juu ya mti, kijiti kirefu cha kijani. Ishike mkononi. Tazama pale juu inapotokea kwenye kofia yake. Ukiona ukosi umegeuka rangi ya manjano, imekomaa. Ikiwa ni kijani mpaka kwenye kofia, imechumwa kabla ya wakati, iache. Ipitishe vidole ubavuni, utafute tundu la mdudu, yenye tundu pia iache. Halafu ichomeke, ncha iliyochongoka chini, mpaka kama theluthi ya urefu wake. Ukizidisha inaoza, ukipunguza inaelea na bamvua la kwanza. Mche na mche hatua moja. Na usiondoke ukadhani umemaliza, kwani kuna kaa wanaomenya ganda la mche mchanga mpaka ukafa, kuna takataka na majani yanayosombwa na maji yakaulemea, kuna mbuzi upande wa nchi kavu. Msimu wa kwanza ni wa kutembelea, kuhesabu, na kurudishia. Vikundi vya kina mama ndivyo nilivyoviona vikifanya hivi bila kuchoka, na naona si haki kwamba siku ya kukata utepe wao huketi nyuma.

Jambo jingine kuhusu maji ni kwamba hayaanzii ufukweni. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoleta tope kutoka bara, kule Mwache karibu na Mombasa mizizi ya kupumulia ilifukiwa na mikoko ikafa kwa eneo kubwa. Hapakuwa na shoka hata moja. Kwa hiyo mkulima wa huko juu mtoni, anayelima mpaka ukingoni, anapaswa kukaa kwenye baraza hili pamoja na sisi. Leo simwoni. Kikao kijacho tumwite.

Riziki, sasa.

Simpendi msemaji anayemwambia mvuvi alinde mikoko kwa ajili ya dunia. Dunia haimlipii mvuvi ada ya shule. Mikoko tunaitaka kwa sababu kamba wadogo wanakua kwenye mizizi ile, kaa wanachimba pale, mkizi na changu wachanga wanajificha pale dhidi ya wakubwa wao, na chaza wanashika kwenye mizizi. Mama anayetoka na ndoo maji yakipwa hategemei mashine wala mkopo, anategemea tope lile liwe hai. Lakini nitawaambia ukweli ambao wenye miradi huuruka: mikoko peke yake haileti samaki kama nyuma yake juya, wavu wa kukokota, linapita likizoa mpaka vifaranga. Juya limepigwa marufuku kisheria na bado tunaliona. BMU ziliwekewa kanuni mwaka 2007, zina uwezo wa kutunga sheria ndogo za ufuo wao, kufunga eneo kwa muda, kusajili vyombo. Uwezo huo tuutumie. Ni vigumu, najua, kwa sababu mwenye juya si mgeni. Ni mjomba, ni mkwe, ni mtu tunayezikana naye. Ndiyo maana haliwezi kuwa jukumu la afisa kutoka mjini. Yeye anakuja na gari, anachoma nyavu, anaondoka. Sisi ndio wa kukaa na mjomba usiku na kumtafutia zana nyingine kabla ya kumnyang'anya aliyonayo.

Mengine nitayapitia haraka. Kuna mizinga ya nyuki ndani ya mikoko. Kuna wageni: kina mama wa Gazi walijenga njia ya mbao ndani ya msitu, mgeni analipa kuingia, na hesabu wanazishika wenyewe. Yote mazuri, yote madogo, na hakuna hata moja litakaloziba pengo la mvuvi mwenye chombo kibovu. Tusiwadanganye vijana.

Kubwa linalosahauliwa ni mbao na kuni. Tumejenga kwa mikoko miaka mingi sana. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene una jina na kazi yake, na mtu anayejenga nyumba ya udongo leo bado anavihitaji. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, ila hapa ndani mahitaji hayakupungua, yaliongezeka. Ukimkataza mtu kukata bila kumwonyesha kuni atazitoa wapi, umemfundisha kukata usiku. Gazi walilifikiria hili mapema: pamoja na kulinda mikoko walipanda mashamba ya mivinje nchi kavu ili kijiji kipate miti ya kujengea na kupikia. Mvinje hukua haraka na hunyooka. Ningependa kila kijiji kilicho hapa kitenge kipande chake cha mivinje kabla ya mche wa kwanza wa mkoko kuingia topeni. Kabla, si baadaye.

Nafika kwenye kaboni, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu.

Mikoko Pamoja ni eneo la hekta 117 la vijiji vya Gazi na Makongeni. Chini ya kanuni za Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya kaboni, wanauza takribani tani 3,000 za hewa ukaa kila mwaka. Mnunuzi hachukui mti. Analipia hewa chafu ambayo msitu ule umeizuia kwa kutokatwa na kwa kuongezwa, na sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko imelala kwenye tope chini ya mizizi, si kwenye shina mnaloliona. Miti inapimwa unene, mtu huru anakagua, na makubaliano ni ya miaka ishirini. Mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, mpakani na Tanzania, wakaanzisha wao kwa hekta 460. Sifa hizi wanastahili.

Lakini tufanye hesabu pamoja. Katika miaka ya mwanzo Gazi walikuwa wakipata kama dola 12,000 kwa mwaka. Wakazi wa vijiji viwili ni zaidi ya 5,000. Gawanyeni. Ni dola mbili na kitu kwa kichwa, kwa mwaka mzima. Ukimpa mtu fedha hiyo mkononi, haimalizi wiki, na mwaka ujao hatakumbuka kwamba mikoko ilimlipa. Walichofanya ni kukaa barazani, vijiji vyote viwili, wakauliza tunahitaji nini sote. Wakaamua maji safi. Wakaamua vitabu na ukarabati wa shule. Mama aliyekuwa akitembea kwa ndoo sasa anafungua bomba, na kila akifungua anajua limetoka wapi. Hapo ndipo ulinzi wa msitu unapozaliwa. Kiasi ni kile kile, dola zile zile. Kilichobadilika ni kwamba kijiji kizima kilichagua, na kila mtu akaona palipokwenda.

Kwa hiyo atakapokuja mtu na mkataba wa kaboni, na atakuja, msimwulize kwanza bei ya tani. Mwulizeni nani anaamua matumizi. Mwulizeni hesabu zitasomwa wapi, kwa lugha gani, mara ngapi kwa mwaka. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kwa marekebisho ya 2023, inasema miradi ya kaboni ya ardhini itoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka baada ya kuondoa gharama za kuendesha mradi. Isomeni sentensi hiyo polepole. Angalau: yaani hicho ni kiwango cha chini, mnaruhusiwa kudai zaidi. Na baada ya gharama: basi gharama zinaandikwa na nani? Gari la meneja ni gharama. Hoteli ya mkaguzi ni gharama. Asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa kitu cha maana au inaweza kuwa makombo, na tofauti yake iko kwenye ukurasa wa gharama, ule ambao watu huufunua haraka wakati wa kusomewa. Tuwe na kijana wetu mmoja aliyesomea uhasibu, na akae mezani tangu siku ya kwanza.

Kuna suala la karatasi, nalo sitalipamba. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, mkoloni akiwa hapa, na mpaka leo kisheria ni msitu wa umma chini ya Huduma ya Misitu. Ninaposema ghuba ina wenyewe sisemi tumpinge afisa wa misitu. Amekaa pale na ni mwenzetu. Nasema kwamba Sheria ya Misitu ya 2016 imeacha mlango: wanajamii wakijisajili kama chama cha misitu cha jamii, CFA, wakaandika mpango wa usimamizi, wakatiliana saini na Huduma ya Misitu, wanapata haki zilizoandikwa. Kuvuna kuni kwa utaratibu, kuweka mizinga, utalii, kushiriki ulinzi. Gazi walipitia mlango kama huo chini ya sheria iliyotangulia, ya 2005. Vanga walipitia mlango huo. Sisi bado tunazungumza mikoko kama ya serikali tunapotakiwa kuilinda na kama yetu tunapotaka kukata. Hatuwezi kuendelea hivyo. Kujisajili kunachosha: fomu, safari za ofisini, ada, mikutano isiyo na posho. Naomba tuchoke pamoja mwaka huu.

Na chama kikiundwa, kina mama wasiwe wajumbe wa kupika chai. Wao ndio wanaoijua ghuba maji yakipwa, wanaume wanaijua yakijaa. Hizo ni ghuba mbili tofauti, na mpango ulioandikwa na upande mmoja utakosa nusu ya mambo. Nafasi ya mweka hazina napendekeza iwe ya mwanamke, na nitalitetea pendekezo hilo kwa yeyote atakayenipinga hapa hapa.

Mwenyekiti, nina maombi mawili ya kuingizwa kwenye kumbukumbu za kikao.

La kwanza, bamvua lijalo kila kijiji kitoe watu wanne: mzee anayejua mikondo ya zamani, mama anayeokota chaza au kaa, mvuvi, na kijana mwenye simu ya kupigia picha. Tutembee wangwa mzima kuanzia maji yanapoanza kupwa. Kila palipo na mkondo ulioziba tuweke kijiti na tupige picha. Tusibebe mche hata mmoja siku hiyo, hata tukipewa bure. Afisa wa misitu naomba atembee nasi, ili tutakapoomba ruhusa ya kuchimba asiwe anaona mahali hapo kwa mara ya kwanza kwenye barua.

La pili, orodha ya waanzilishi wa CFA ifunguliwe leo kabla watu hawajatawanyika kwenda kuswali alasiri. Katibu ana daftari. Jina, kijiji, namba ya kitambulisho, na shughuli unayoifanya ghubani. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na mtu wa kijiji chake amsomee kilichoandikwa kabla hajaweka.

Mwenyekiti, mimi nimemaliza. Wenye maswali kuhusu ile asilimia 40 wabaki, nitawasomea kifungu chenyewe.